Alama za UVA: kukadiria hatari ya mgonjwa mahututi bila maabara

UVA (Universal Vital Assessment) ni jumla ya alama inayokadiria uwezekano wa mtu mzima kufariki akiwa amelazwa. Ilitungwa kwa data za wagonjwa wa Tanzania, Uganda, Malawi, Zambia, Gabon na Sierra Leone, ikachapishwa 2017. Watoto hawamo.

Anza na pumzi, kabla hujamgusa mgonjwa, dakika 1 nzima. Njia ya mkato ya sekunde 15 mara 4 ndiyo inayoharibu: pumzi 7 zinakupa 28, pumzi 8 zinakupa 32, na mpaka ni 30. Kuanzia 30 mpe alama 1.

Oksijeni chini ya 92% ni alama 2. Futa rangi ya kucha, pasha vidole vya baridi. Kidole chenye piko kiepuke. Akiwa tayari anapewa oksijeni, usimvue ili upate namba. Andika lita pembeni, ukijua namba hiyo imepambwa.

Mapigo ya moyo 120 au zaidi, alama 1. Presha ya juu ikiwa chini ya 90, alama 1. Mkanda mdogo kwenye mkono mnene hupandisha presha kwa uongo. Mashine ikijaza mara mbili bila jibu, pima kwa mkono. Huenda presha yenyewe ndiyo imeshuka.

Joto chini ya 36, alama 2. Homa haina alama hata moja hapa, lakini kipimajoto kilicholegea kwapani kitampa mgonjwa alama 2 asizostahili.

Fahamu ndiyo nzito: Glasgow, kipimo cha fahamu ambacho aliye timamu hupata 15, ikiwa chini ya 15 ni alama 4. Muulize yuko wapi na huu ni mwezi gani, kwa lugha anayoijua. Asiyejua Kiswahili hajachanganyikiwa. Fahamu ikiyumba, pima sukari papo hapo, ingawa haimo kwenye hesabu.

Mwenye VVU, alama 2. Usikisie kwa kumtazama. Kama hajapimwa, andika jumla na alama ya kuuliza, kisha ukokotoe upya majibu yakitoka.

Jumla ya 0–1 ni hatari ndogo, 2–4 ya kati, 5 na zaidi kubwa.

Chukua mama wa miaka 38: joto 35.7, mapigo 124, pumzi 28, presha 96/60, oksijeni 91%, fahamu timamu, hana VVU. Anaongea vizuri, na kwenye foleni angepitwa. Ana alama 5: daktari aitwe sasa, na kitanda chake kiwe karibu na meza ya wauguzi.