Mwalimu, madaftari yalale shuleni

Walimu wenzangu, tupige hesabu kidogo. Mikondo miwili yenye wanafunzi 70 kila mmoja ni madaftari 140. Ukitumia dakika 2 tu kwa kila daftari, zimekwenda saa 4 na dakika 40, na hapo hujagusa maandalio ya kesho. Ukiyabeba nyumbani, watoto wako watakuona kisogo tu.

Mimi nasahihisha mkondo mmoja kwa siku, tena kwenye kipindi kisicho na somo. Maswali ya kuchagua jibu, wanafunzi wanabadilishana madaftari na tunasahihisha pamoja ubaoni. Insha ndizo nazisoma mwenyewe.

Kanisani nako, mwalimu hugeuzwa katibu wa kila kamati kwa sababu "mwandiko wako mzuri". Chagua huduma moja. Nilipobaki na shule ya Jumapili peke yake, Jumamosi yangu ilirudi.

Ukiona aibu kukataa, soma Kutoka 18. Yethro alimwona mkwewe Musa akiamua kesi za watu tangu asubuhi hadi jioni, akamwambia wazi kwamba atachoka, yeye na watu wake, basi agawe kazi. Musa alisikia.