Hita ya tangi la samaki kwenye umeme wa akiba

Kwenye tangi hakuna kifaa kinachokula umeme kama hita. Pampu ndogo ya hewa hutumia wati 3 hadi 5, filta 5 hadi 20, hita 100 hadi 300. Ndiyo maana hesabu huanza na hita.

UPS ndogo ya kompyuta, kile kisanduku cha betri kinachoshika umeme unapokatika, usiipe hita. Iliyoandikwa VA 600 mara nyingi hubeba wati 360 tu, na ndani mna betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 7, yaani wati-saa 84. Hita ya wati 200 huinyonya kwa kasi kiasi kwamba hata hizo 84 hazitoki zote; robo saa imekwisha. Iachie pampu ya hewa, itaiendesha kwa saa kadhaa, kwa sababu tangi lenye samaki wengi huishiwa oksijeni kabla halijapoa vya kutisha.

Hita inataka betri ya sola. Ya gari imetengenezwa kuwasha injini, na ukiikausha mara chache tu inakufa. Betri ya risasi ya volti 12, Ah 100 ina wati-saa 1,200. Tumia nusu, ili idumu: 600. Inveta, kifaa kinachogeuza umeme wa betri kuwa kama wa soketi, hupoteza kama asilimia 15, zinabaki 510. Hita ya wati 100 ikiwaka mfululizo, hizo ni saa tano. Ya 200, saa mbili na nusu. Hita ikiwaka na kuzima, muda unaongezeka.

Inveta ya wati 500 inatosha. Chagua ya wimbi safi (pure sine wave): hita yenyewe haijali, lakini mota ya filta hunguruma na kupata moto kwenye wimbi la ngazi (modified sine wave), na vidhibiti joto vya kielektroniki huweza kuungua. Wati 500 kwa volti 12 ni karibu ampea 50, kwa hiyo weka fyuzi ya ampea 60 kwenye waya chanya, karibu kabisa na betri, na waya wa milimita 16 za mraba usiozidi mita moja na nusu. Bila fyuzi, waya ukigusana ndio unaowaka moto.

Betri na inveta zikae pembeni, zimeinuliwa kutoka sakafuni, penye hewa. Kamwe si chini ya tangi, wala ndani ya kabati lililofungwa, maana betri ya risasi hutoa gesi inayolipuka inapochajiwa. Waya wa hita uning'inie chini ya soketi kabla ya kupanda, maji yadondoke hapo. Swichi ya miliampea 30 inayokata umeme unaovuja iwekwe baada ya inveta. Hapa wengi hukosea: inveta nyingi hazijaunganisha nyutro na ethi, na swichi hiyo inaweza isikate kabisa. Fundi aunganishe, kama mtengenezaji anaruhusu, kisha aipime. Vyovyote vile, chomoa hita kabla ya kutia mkono majini.

Filta ikisimama, kwenye baadhi ya mitambo maji hushuka na hita kubaki nje, ikapasuka. Ilaze chini kabisa.

Lita 100 zikipoa nyuzi 1 zimepoteza wati-saa 116. Funika vioo kwa blanketi, acha upenyo wa hewa juu, na samaki wa nyuzi 25 shusha kidhibiti hadi 23. Umeme ukirudi, pandisha nyuzi 1 kwa saa.