Mwanza hadi Jinja na watoto wawili na bibi: nilivyopanga safari ya nje kwa hela ya kibubu

Nauza vitenge Makoroboi, sokoni Mwanza, na kwa miaka kadhaa nimekuwa nikivuka Mutukula, mpaka wetu na Uganda, kufuata mzigo soko la Kikuubo, Kampala. Wenzangu wa vibanda vya jirani wakisikia "safari ya nje" wanawaza ndege na Dubai. Lakini kwa mtu wa Mwanza, Dar es Salaam iko zaidi ya kilomita 1,100, na Kampala haifiki 800. Nje ni karibu. Kinachotukwamisha ni kuanza kuhesabu nauli, wakati nauli ndiyo ya kuhesabiwa mwisho. Hivi ndivyo nilivyoipeleka familia Jinja, Uganda: mimi, mume wangu, watoto wawili wa miaka 8 na 12, na mama mkwe.

Hatua ya 1: Mwaka wa kwanza ni wa pasipoti tu

Raia wa Kenya, Uganda na Rwanda huvuka kwenda nchi za wenzao kwa kitambulisho cha taifa. Sisi Watanzania hatumo kwenye mpango huo, kwa hiyo kadi ya NIDA peke yake haikuvushi. Viza huhitaji, ila pasipoti lazima, na ya kawaida ni shilingi 150,000 kwa kila kichwa, mtoto kwa mkubwa. Mimi ninayo tayari. Zilibaki nne: 600,000.

Hiyo ndiyo hesabu iliyowahi kuniulia safari mara mbili, kwa sababu nilitaka kuilipa mwezi mmoja na nauli. Safari hii nilitoboa kopo la maziwa ya unga, nikalifunga kwa gundi, nikaliweka chini ya meza ya banda. Kila jioni kabla sijashusha turubai, 2,000. Siku isiyo na mauzo, 2,000 ile ile, hata kwa kuipunguza kwenye hela ya chai. Siku 300 zikitimia, 600,000 imetimia.

Wakati kopo linajaa, shughulikia vyeti. Fomu ya pasipoti inajazwa kwenye mtandao wa Uhamiaji, unaichapa na kuipeleka ofisini na viambatisho, na hapo ndipo watu hukwama. Mtoto wangu mkubwa jina lake kwenye cheti cha kuzaliwa lilizidi herufi moja kuliko la shuleni. Mama mkwe hakuwa na cheti kabisa, ikabidi aape kwa wakili. Mambo haya yalinila miezi miwili. Na kama mzazi mmoja hasafiri, aandike barua ya ridhaa ithibitishwe kwa wakili, mapema, si usiku wa kuamkia safari.

Mwenye haraka aulize Uhamiaji kuhusu hati ya dharura ya safari. Ni nafuu zaidi, lakini muda wake ni mfupi. Mimi nilipendelea pasipoti kwa kuwa nilijua tutarudi tena.

Hatua ya 2: Kadi ya njano

Uganda inadai chanjo ya homa ya manjano kwa kila anayeingia kuanzia umri wa mwaka mmoja, na ukirudi, upande wetu pia wanaiuliza. Kadi huanza kuhesabiwa siku 10 baada ya sindano, basi usiende kuchanjwa wiki ya safari. Ukishachanjwa, inatambulika maisha yote. Zibane kadi zote kwa mpira mmoja pamoja na pasipoti na akae nazo mtu mmoja. Kwetu ni bibi. Hakuna mwizi atakayezitoa kwenye khanga yake.

Hatua ya 3: Chagua kitu kimoja cha kwenda kuona

Watoto walitaka bustani ya wanyama Entebbe. Niliwakatalia. Simba tunao Serengeti, mtu wa Mwanza hapandi magari mawili ya mpakani kufuata simba. Orodha ndefu ndiyo inayomaliza pesa, maana kila kituo kina kiingilio, bodaboda, soda na "mama nataka ile".

Tulichagua Jinja, pale mto Nile unapotoka Ziwa Victoria. Maji wanayooga watoto wangu pale Kirumba, wakayaone yanapoondokea. Yule Mwingereza John Speke aliliona ziwa hili mara ya kwanza mwaka 1858, akiwa upande huu wa kwetu Mwanza (wazee wetu walikuwa wanavua humo siku zote, lakini hawakuandika kitabu). Alifika Jinja mwaka 1862. Mwanangu alipiga hesabu: miaka minne. Akauliza sisi tutachukua muda gani. Siku tatu, nikamwambia, na tutalala kitandani.

Hatua ya 4: Tarehe

Juni, shule zetu zikifungwa. Desemba mabasi ya Bukoba yanajaa Wahaya wanaokwenda kula sikukuu nyumbani, na tiketi ni ya kugombania. Ila Juni nayo ina mtego: tarehe 3 ni sikukuu ya Mashahidi wa Uganda, na mahujaji wanamiminika Namugongo kutoka nchi zote hizi. Kama hauendi kuhiji, subiri katikati ya mwezi.

Hatua ya 5: Majini au barabarani

Meli ya kwenda Bukoba huondoka Mwanza usiku, hupitia Kemondo, na asubuhi uko Bukoba. Usiku mmoja wa gesti umeuokoa. Uliza ratiba bandarini siku chache kabla, kwa sababu meli huingia matengenezo.

Mama mkwe alikataa. "Mimi majini siendi, wewe nenda na wanao." Alimpoteza ndugu yake kwenye meli ya MV Bukoba ilipozama, Mei 21, 1996, na sikumbishia. Yeye na mume wangu walipanda basi Nyegezi, wakapita daraja jipya la Kigongo hadi Busisi, lile la kilomita tatu lililofunguliwa Juni 2025, tukakutana Bukoba. Anasema alihesabu nguzo hadi akasinzia.

Hatua ya 6: Bahasha

Nilitenga bahasha nne: nauli ya kwenda, kulala, kula na kutembea, nauli ya kurudi. Ya kurudi niliibandika kwa gundi, shilingi za Tanzania tupu, akakabidhiwa bibi. Hata watoto walie vipi, ile haifunguliwi.

Chakula cha siku ya kwanza kilitoka nyumbani: mikate, mayai ya kuchemsha, sato wa kukaanga aliyekauka vizuri.

Hatua ya 7: Mutukula

Kutoka Bukoba ni kama kilomita 80. Pale huduma za nchi mbili ziko pamoja: unakwenda moja kwa moja jengo la upande wa Uganda, unagongewa kutoka na kuingia humo humo. Atakayekuambia anakusaidia kupanga foleni kwa ada, mpite.

Sasa hela. Shilingi ya Uganda ni ndogo kuliko yetu, kwa hiyo unapewa noti nyingi kuliko ulizotoa na unajiona tajiri. Safari yangu ya kwanza kabisa ya biashara, kijana alinihesabia vizuri, nikapokea. Akasema amekosea, nimrudishie kidogo. Akahesabu upya haraka, akaongeza noti moja juu, akanirudishia fungu. Nilipofika Masaka na kuhesabu, katikati ya fungu palikuwa pamepungua noti sita. Tangu hapo nabadilisha dukani, nahesabu mwenyewe, na fungu likishaingia mkononi mwangu halirudi.

Hatua ya 8: Ndani ya Uganda

Neno moja litakuokolea pesa: Kampala "takisi" ni hiace ya abiria, yaani daladala. Teksi ya kukodi wanaiita "speshali". Usipojua, utasema takisi ukitaka ya kukodi na kujikuta umebanwa na masanduku kwenye siti ya nyuma.

Kutoka Masaka, kabla ya Kampala, mnapita Kayabwe, mstari wa ikweta. Kuna duara la saruji, watoto wakasimama mguu mmoja kaskazini na mwingine kusini. Wenye mabeseni watakuonyesha maji yakizunguka upande huu na upande ule kwa malipo. Ni mazingaombwe tu, beseni ni dogo mno kwa dunia kulizungusha. Hela hiyo tulikula gonja, ndizi za kuchoma.

Jinja ni kama kilomita 80 kutoka Kampala. Tulilala chumba kimoja cha vitanda vitatu. Maporomoko aliyoyaona Speke hayapo, yalifunikwa na maji bwawa la umeme lilipojengwa, mwaka 1954. Kuna mto mpana tu, unaondoka taratibu. Mdogo alitupa ganda la ndizi akalifuata kwa macho. "Linakwenda Misri?" Bibi, ambaye majini hagusi, alisogea hadi ukingoni, akachota maji kwa kiganja, akanawa uso.

Bahasha ya kurudi tuliifungua Mutukula. Zilibaki noti tatu za Uganda. Sikuzibadilisha, ziko ndani ya kopo jipya la maziwa.