Mitihani ya Bryn Mawr: usiirundike mwishoni

Dada, kama umepata nafasi Bryn Mawr, kile chuo cha wanawake cha Pennsylvania kilichoanza 1885, jua hili mapema: mitihani mingi ya mwisho wa muhula unajipangia mwenyewe, siku na saa, ndani ya kipindi kilichowekwa. Uhuru huo ni mtamu, lakini usiirundike yote siku za mwisho. Anza na somo linalokutoa jasho, asubuhi, kichwa kikiwa chepesi, kisha jiachie siku nzima ya kupumua.

Na ukitoka chumbani, funga mdomo! Mwenzako huenda anaufanya mtihani uleule kesho. Hata kumnong'oneza “ulikuwa mgumu” ni kuvunja kanuni ya uaminifu ya chuo. Akikudadisi, mwambie twende tukale.