Huo uchovu huenda si malaria

Mimi ni nesi wa zahanati hapa Morogoro, nina miaka 52, na ombi ninalolisikia zaidi kutoka kwa wanawake wa rika langu ni hili: "Nesi, nipime malaria na UTI, mwili hauna nguvu." Tunapima, hatuoni kitu. Mwezi unaofuata anarudi, safari hii anataka na taifodi. Ukimuuliza analalaje, ndipo mazungumzo yanapoanza.

Kwa hiyo, dada yangu, kabla hujanunua tena mseto, tafuta daftari la mtoto lililobakiza kurasa. Kwa wiki mbili, kila asubuhi andika: usiku uliamka saa ngapi na kwa nini (jasho, mkojo, mawazo, mgonjwa kakuita), hedhi ikoje, na jana baada ya kutoka kwenye shughuli zako ulimfanyia nani nini. Hilo la mwisho wengi huliruka. Usiliruke, tutalihitaji.

Nenda nalo hospitali. Wengi wetu hedhi hukoma kati ya miaka 45 na 55, na miaka kadhaa kabla ya hapo homoni hupanda na kushuka. Joto linakuchemka kifuani mpaka usoni, unaamka shuka limelowa, moyo unakwenda mbio, jina la jirani linakupotea mdomoni. Ikishapita miezi 12 mfululizo hujaona kitu, hedhi imekoma. Ukitokwa na damu baada ya hapo, hata kidogo, nenda ukaonwe, usisubiri ijirudie.

Omba upimwe presha, sukari, wingi wa damu, na kama uwezo upo, tezi ya thairoidi. Mimi hukomalia wingi wa damu. Mwanamke anabadilisha pedi kila baada ya saa moja au mbili, anatoa mabonge, mashoga zake wanamwambia "ndio umri huo", naye anaendelea kusimama dukani. Kwa asiye na mimba, kipimo kikiwa chini ya 12 huo ni upungufu wa damu. Ukipewa vidonge vya madini ya chuma, meza kwa maji ya chungwa au ndimu, usimeze kwa chai. Chai, ya rangi au ya maziwa, inazuia chuma kuingia mwilini. Najua hapo nimegusa dini ya watu. Sijasema uache, nimesema isubiri walau saa moja baada ya kula. Choo kitakuwa cheusi, usishtuke. Na ukianza kujisikia vizuri usitupe vidonge kabatini, maana mwili unahitaji miezi kadhaa kujaza akiba yake. Mwambie daktari atafute pia damu inakotokea; mara nyingi ni uvimbe kwenye kizazi.

Kuhusu usingizi: piritoni ni dawa ya mzio, si ya kukulaza kila usiku. Valium na ndugu zake huzoeleka haraka, kuziacha ndiyo kazi. Kama ni jasho linalokuamsha, mweleze daktari jasho. Tiba zipo, za homoni na zisizo za homoni, naye atauliza kwanza historia yako, hasa saratani ya matiti na damu kuganda.

Vipimo vikiwa safi na bado umechoka, fungua daftari kwenye yale majina. Mwaka 2019 Shirika la Afya Duniani lilieleza uchovu wa kazi kwa dalili tatu: kuishiwa nguvu, kuichukia kazi yenyewe, na kuona hufanyi la maana. Halikuuita ugonjwa, na lilizungumzia kazi ya ajira. Sijui anayemgeuza mkwe aliyepooza saa nane usiku wamemweka kundi gani. Yeye hata likizo hana.

Wengi hujaribu kupunguza kila kitu kidogokidogo. Haifanyi kazi. Chagua jukumu moja, ulitoe lote. Anza na la kamati, maana kamati haifi. Andika hivi kwenye grupu: "Ndugu wanakamati, kuanzia Jumatatu sitaendelea kuwa mweka hazina. Daftari na salio nimekabidhi kwa katibu. Mchango wangu nitatoa kama kawaida. Asanteni." Basi. Usiweke sababu. Ukisema unaumwa watakuombea, ukipona watakurudishia daftari. Ukisema umebanwa watakutafutia msaidizi, nawe utakuwa na mtu wa kumsimamia juu ya hesabu zilezile.

La mgonjwa wa nyumbani ni gumu zaidi. Ndugu wa mjini hutuma hela ya pampasi na kuona kamaliza. Hela pokea, ila omba na tarehe: "Kaka, njoo Ijumaa jioni, ukae na mama mpaka Jumapili." Akifika, mwonyeshe dawa na namna ya kumgeuza, kisha utoke nyumbani, ukalale kwa shoga yako. Ukibaki chumba cha pili, mama atakuita wewe na wewe utaamka.

Kuna hali nyingine ambayo kukabidhi daftari hakuiponyi. Kama kwa wiki mbili au zaidi hakuna kinachokufurahisha, hata mjukuu akija, unajiona huna thamani, chakula hakipiti, huo unaweza kuwa ugonjwa wa sonona, na unatibika. Yakikujia mawazo ya kutaka kufa, mwambie mtu leo hii, akupeleke hospitali leo hii. Hospitali za rufaa za mikoa huwa na huduma ya afya ya akili. Kukaa kwenye benchi la kusubiri huduma hiyo si kuwa kichaa. Wenzetu wa Harare, tangu 2006, wana mabibi waliofunzwa kusikiliza watu kwenye mabenchi nje ya kliniki, na watu wanakwenda. Anayekuombea kanisani au msikitini naye aendelee, dawa na dua havigombani.

Baada ya miezi mitatu rudi upime damu tena, ufungue daftari upya, utoe jukumu la pili. Langu linalofuata ni ukatibu wa kikoba. Wanakikoba mnaosoma hapa, anzeni kutafuta mrithi.