Kuongoza sini (tukio moja la filamu) ya asubuhi Mbeya wakati wa baridi

Juni na Julai mvua ni nadra Mbeya, lakini alfajiri ukungu wa milima ya Uporoto unaweza kufunika bonde zima na kutoweka katikati ya sini. Kwa hiyo anza na picha pana, kisha sogea kwenye nyuso. Uso wa karibu utaurudia hata jua likiwaka. Bonde lenye ukungu hulipati tena siku hiyo.

Kamera iliyolala kwenye gari la baridi ukiiingiza jikoni penye moto, lenzi hutoka jasho papo hapo. Iache ndani ya begi lililofungwa nusu saa ipate joto polepole. Betri za akiba zikae mfukoni, maana baridi huzimaliza haraka.

Ndani kwenye taa za umeme, rekodi fremu (picha) 25 kwa sekunde, shata (muda ambao kila fremu hupokea mwanga) 1/50 ya sekunde. Umeme wetu ni wa hezi 50, yaani mizunguko 50 kwa sekunde. Shata isiyolingana nao huleta michirizi inayocheza, na kuiondoa kwenye uhariri ni kazi ngumu.

Mwigizaji akimaliza, hesabu sekunde tano ndipo useme "kata". Kabla ya kuhama, nyamazisheni wote, rekodini sekunde 30 za sauti ya mahali penyewe.