Umechora tatuu au umetoga sikio? Namna ya kuhesabu siku kabla ya kuchangia damu

Hesabu kuanzia siku sindano au wembe ulipogusa ngozi yako kwa mara ya mwisho. Tatuu iliyochorwa kwa awamu tatu, au uliyorudi kuijazia rangi, huhesabiwa kutoka awamu ya mwisho. Shirika la Afya Duniani linaelekeza kusubiri miezi 6 baada ya tatuu au kutoga. Ukitogwa na mhudumu wa afya aliyesajiliwa na uvimbe ukaisha kabisa, saa 12 zinatosha. Uingereza husubirisha miezi 4. Marekani ilishusha kutoka miezi 12 hadi 3 mwaka 2020. Kwa kuwa muda hutofautiana, kipigie simu kituo unachokwenda.

Fomu ikiuliza tatuu tu, taja pia chale, hijama ya kuchanja na nyusi za kuchanjwa rangi. Chale ni rahisi kusahaulika, nazo huenda zilichanjwa kwa wembe mmoja kwa familia nzima. Hina na piko hazitoboi ngozi, hivyo hazikuzuii.

Kwa nini usubiri wakati damu itapimwa VVU, homa ya ini B na C, na kaswende? Kwa sababu maambukizi mapya hujificha. Homa ya ini B inaweza kupita mwezi mzima au zaidi kabla kipimo cha kawaida hakijaiona, na kirusi chake huishi nje ya mwili siku 7 au zaidi. Ndiyo maana sindano mpya pekee haitoshi: ikichovywa kwenye kikombe cha wino cha mteja aliyetangulia, usalama wake umekwisha hapo hapo.

Siku ya kuchangia, kagua tundu ulilotoga. Likiwa jekundu, lina usaha au linauma, ahirisha hata kama miezi imetimia. Bakteria wakiingia kwenye damu, chembe sahani (chembe zinazosaidia damu kuganda) zinazohifadhiwa kwa nyuzi joto 20 hadi 24 huwapa nafasi ya kuzaliana. Tatuu iliyopona kwenye kiwiko haina neno, ila penye kovu nene toa mkono mwingine.

Tafadhali usichangie ili upate kupimwa, nenda kliniki.

Ukikumbuka chale zako baada ya kuchangia, piga simu siku hiyo hiyo, utaje jina na tarehe. Chembe nyekundu hukaa kwenye jokofu hadi siku 35 au 42, kwa hiyo mfuko wako huenda bado haujatundikiwa mgonjwa na unaweza kuondolewa.